Wimbo Uliofungiwa Magodoro

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepandishwa cheo. Au nimeshushwa — bado natafakari.

Asubuhi mkuu wetu wa idara ya maji alituita wasoma mita wote uani, akapanda juu ya kreti la soda, barakoa kidevuni, akatangaza kwamba nchi inatuhitaji. Nikajua tumekwisha. Nchi ikifikia kumhitaji msoma mita, ujue walioitwa kwanza wamekataa.

Kazi yenyewe ni ufuatiliaji. Ile homa ya mapafu imefika mjini. Akipatikana mgonjwa, watafutwe wote waliokaa naye karibu, wapimwe, wajitenge. Kwa nini sisi? Mkuu akaeleza: tunajua kila mlango, kila mbwa, kila kichochoro. Kweli kabisa. Alichosahau ni kwamba milango, mbwa na vichochoro navyo vinatujua. Mtaani hakuna anayeniita kwa jina nililopewa na mama yangu. Mimi ni Bwana Koki, yule anayefunga maji.

Tumegawiwa barakoa, dawa ya mikono na kizibao cha afya. Kizibao kikagoma kwenye kitambi. Nikaambiwa basi vaa kile chako cha zamani. Kwa hiyo nakwenda kuokoa maisha ya watu nikiwa nimevaa sare ya adui yao.

Nimemsimulia mke wangu. Kacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Miwani huitafuta ikiwa usoni, ndiyo utatafuta watu?" Binti yetu naye akacheka chumbani kwake, kisha kicheko kikageuka kile kifilimbi chake cha pumu. Tukanyamaza wote mpaka akavuta inhela. Mimba imefika mwezi wa tisa. Kaja kujifungulia kwetu kwa sababu mkwe ni dereva wa malori, na malori yote yamezuiwa mpakani. Daktari alisema neno moja tu: huyu homa hii isimfikie. Hakusema tafadhali.

Jumanne, 4 Juni

Nyumba ya kwanza. Nikabisha. Pazia likatikisika, redio ikazimwa. Akatoka mtoto wa kama miaka sita, kajisimamisha wima: "Baba amesema hayupo."

Nikamwambia, kamwambie baba sijaja kwa maji, nimekuja kwa homa. Akaingia. Baba mtu akatoka anacheka, mikono imefunguka kama ananipokea ukweni. "Si ungesema mapema, mzee wangu! Kumbe ni homa tu! Karibu ndani!" Na mkono akanipa. Nikarudi nyuma hatua, nikakanyaga mbwa. Mbwa alikuwa ananikumbuka.

Nyumba ya pili mwenyewe alikuwa ndani ya tangi la maji. Ndipo anapojifichaga kila nikipita. Nikamhoji humo humo tangini, ananijibu kwa mwangwi. Umekutana na nani siku hizi? "Sijakutana na mtu-u-u." Huyo nilimwamini.

Msimamizi wetu ni muuguzi, sote twamwita Sista. Mwembamba, hacheki, sauti yake nzuri kama ya mtangazaji wa redio. Katufundisha swali: ulikuwa wapi, na nani, karibu kiasi gani? Akatuonya: watu hawatawadanganya kwa ubaya, watawadanganya kwa aibu. Nikaona huyu dada ana huruma za kitabuni. Sasa jioni naona alijua anachosema. Nimezunguka mtaa mzima, jibu ni moja tu — "Nilikuwa nyumbani tu." Wote walikuwa nyumbani tu! Sasa Jumamosi sokoni nilikanyagwa na nani? Baa ya pale kona ilikuwa inajaa mizimu?

Mke wangu leo alikwenda kwa Mama Pacha, kama kawaida yake siku hizi, kumsaidia kulea wale pacha wake. Karudi mapema. Hakutaka chai. Nilimpigia stori ya yule wa tangini, akacheka nusu.

Jumatano, 5 Juni

Mgonjwa wetu wa kwanza wa mtaani kapatikana, na ni mtu mzito: Mwalimu wa kwaya!

Huyu namjua vizuri. Ndiye aliyenitoa kwenye kwaya ya mtaa. Alinisikiliza mstari mmoja, akavua miwani, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba kwaya ina uhitaji wa mtu wa kubeba viti. Nikabeba viti. Mke wangu ndiye mwenye sikio katika nyumba yetu. Anaimba sauti ya pili, na hata kengele ya mlango ikilia vibaya anairekebisha. Lakini kwaya ilivunjwa tangu mikusanyiko ikatazwe. Ndivyo ijulikanavyo.

Nimeongea na Mwalimu hospitalini, yeye ndani ya kioo mimi nje, kwa simu. Ulikuwa na nani, Mwalimu? "Nilikuwa nyumbani tu." Mtu anahema kama kapanda mlima, bado alikuwa nyumbani tu. Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinapiga mapigo juu ya shuka. Na midomo ikawa inanong'ona kiimbo:

Kaa mbali nami, ndugu,
kaa mbali leo — tuonane kesho.

Nikamuuliza, wimbo gani huo? Akafumba macho. "Ni homa. Inaimba yenyewe."

Nyumbani nikawapa habari. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza anaendeleaje. Aliuliza: "Kamtaja mtu?" Nikamwambia umbea utamuua. Akaendelea kuchambua mchele ambao, nikiutazama vizuri, ulikwisha chambuliwa.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimegundua dawa ya uongo: unga. Redio imetangaza kwamba waliokaribiana na wagonjwa watapewa mgao wa unga na sabuni wakiwa wamejitenga. Jana walikuwa nyumbani tu. Leo nusu ya mtaa imemkumbatia mgonjwa. Bwana mmoja kanikimbilia barabarani: "Mimi nilimkumbatia! Sana!" Ulimkumbatia nani? "Huyo mgonjwa!" Anaitwaje? Akafikiri. "Tulikumbatiana haraka."

Mwingine kanivuta pembeni, kaniomba nimwandike jirani yake mwenye jogoo. Jirani ana homa? Hana. Jogoo ndiye anawika.

Mmoja kanipa namba ya simu ya uongo. Nikaipiga mbele yake. Ikapokewa na idara ya maji, kitengo cha malalamiko. Anaijua kwa kichwa.

Kuna mama kanifungulia nusu mlango, kaniambia bora nimfungie maji kuliko kumwandika. "Kata! Koki si ile pale? Kata, uende zako!" Jumanne homa ilikuwa afadhali kuliko maji. Leo maji yamekuwa afadhali kuliko homa. Kwa nini? Kwa sababu juzi gari la afya lilimchukua mtu wa mtaa wa juu mchana kweupe, na sasa watu hawapiti hata kivuli cha nyumba yake. Muuza maandazi wake kahama kona.

Sikucheka sana pale. Nilicheka baadaye, kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Sista anasema Mwalimu hakuugulia peke yake, haiwezekani, kuna mahali. Tutafute mahali. Sawa. Nikaenda kununua sabuni kwa Mwenye duka, mtu wa miraba minne, sauti kama lori linaloanza. Anapanga makopo, ananguruma chini chini: kaa mbali leo… Nikasimama. Wimbo gani huo, bwana? Kopo likamponyoka. "Wimbo? Mimi? Ni koo, bwana. Vumbi la unga." Na wewe juzi ulikuwa wapi? "Nyumbani tu."

Haya. Nikapita kwa Kinyozi, kichwa changu nacho kina haki zake. Kaweka barakoa, kafungua mlango wote wazi, kanifunika kitambaa. Nami nimekaa pale, nawaza ule mstari, ukanitoka. Nikaimba! Mimi! Kaa mbali leo, tuonane kesho.

Mashine ikazimwa kichwani kwangu.

"Kesho inapanda," Kinyozi akasema.

Nini?

"Kesho inapanda, Bwana Koki. Wewe umeishusha. Mwalimu alisema kesho lazima ipande, ndiyo matumaini yenyewe. Imba tena."

Nikaimba tena, nikaishusha zaidi, sikukusudia. Akafumba macho kama mtu wa jino. "Hapana! Sikiliza!" Akaimba mwenyewe, sauti ya tatu, nzuri, kidole juu, mpaka mwisho. Kisha akanitazama kwenye kioo. Nami nikamtazama kwenye kioo. Kizibao changu kilikuwa kinang'aa chini ya kitambaa.

"Nilikuwa nyumbani tu," akasema.

Nimerudi nimenyolewa upande mmoja.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yangu kubwa! Niiandike vizuri, maana haitarudi.

Kinyozi kaungama kwa Sista. Kumbe hivi: redio imetangaza mashindano ya nyimbo za kujikinga na homa. Kwaya itakayoshinda wimbo wake utapigwa kila siku kabla ya taarifa ya habari. Kwaya ya ng'ambo ya reli hutushinda kila mwaka, na kila mwaka tunasema walituibia wimbo. Safari hii Mwalimu akasema haibiwi mtu. Wakafanya mazoezi kwenye stoo ya Mwenye duka, kwa siri, Jumanne na Jumamosi. Na ili wimbo usisikike nje, wakaziba madirisha kwa magodoro.

Tumekwenda kuiona hiyo stoo. Hakuna pa kupitisha hata sindano. Viti vimebanana goti kwa mgongo. Viti vile vile nilivyokuwa nabeba. Mwenye duka kasimama mlangoni, anajitetea: "Ng'ambo ya reli wana masikio, Sista." Sista kashika godoro moja, kalibonyeza kwa kidole, hakusema kitu. Mimi ndiye nilisema. Nilisema: mlizuia wimbo usitoke, na kweli haukutoka. Wala pumzi zenu hazikutoka. Watu wazima wamejifungia chumba kimoja, bega kwa bega, wanaimbiana usoni "kaa mbali nami"! Mwenye duka akainama. Kisha akainua kichwa: "Lakini ulikuwa unatoka vizuri, Bwana Koki. We acha tu."

Sasa, waimbaji wenyewe nani? Mwenye duka hasemi, Kinyozi hasemi. Hapo ndipo kipaji changu kilipopata kazi, baada ya miaka yote hii. Nikamwambia Sista, niachie. Nikapita mlango kwa mlango. Sibishani na mtu, siulizi ulikuwa wapi. Nasimama umbali unaotakiwa, natoa barua ya afya, natafuta kalamu, na nikiwa naitafuta naimba ule mstari, kesho naishusha. Asiye mwanakwaya ananitazama kama kichaa, basi. Mwanakwaya hawezi! Anajizuia, anauma mdomo, shingo inamtoka mishipa — "Inapanda! Kesho inapanda, mwanaharamu wee!" Mmoja alinirekebisha akiwa bafuni. Mwingine alikuwa amelala kitandani anajifanya mgonjwa wa mgongo, kaketi wima.

Sista kacheka. Sista! Kakaa kwenye ngazi ya dispensari, kajifunika uso, mabega yanatikisika. Kaniomba nimfundishe. Nikamwambia, Sista, wewe una sauti nzuri, utashindwa, kuharibu wimbo ni kipaji. Akajaribu. Ile "kesho" ikapanda yenyewe. Nikamwambia: iachie ianguke kama sahani. Akajaribu tena. Akaweza.

Hadi jioni sauti ya kwanza wamepatikana, ya tatu na besi pia. Sauti ya pili hakuna hata mmoja. Kila nikiuliza, watu wanatazama viatu vyangu. "Sauti ya pili hukaa nyuma, kuna giza." Kwaya isiyo na sauti ya pili! Sista kaweka alama ya kuuliza.

Na Mama Pacha, ambaye ni sauti ya kwanza na alinirekebisha kabla sijamaliza mstari, nilimwuliza pacha hawajambo? Nikamwambia mama watoto wangu anawasifia sana. Akanishangaa. "Pacha? Pacha wako kwa bibi yao tangu shule zifungwe." Kisha akafunga mlango haraka.

Nimechoka. Sifikirii leo.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi naosha vyombo. Nimezoea mdomo, naimba bila kujua.

Mke wangu, mgongo kanipa, anakoroga uji wa binti:

"Kesho inapanda, baba watoto. Unaishusha kama jeneza."

Mwiko ukasimama.

Uji ukaungua.

Jumatatu, 10 Juni

Tumezungumza. Nje, kwenye kamba ya nguo, shuka katikati yetu, binti asisikie. Nimeongea na shuka lenye maua saa nzima.

Nilianza kwa ukali. Nikamwambia mimi mzima nazunguka mji kuumbua watu, kumbe ninaumbuka humu ndani! Akanijibu: "Sasa unaongea nami kama mume au kama kizibao?" Shuka likapeperuka, nikamwona. Alikuwa kavaa barakoa. Kwa binti kasingizia mafua ya vumbi.

Kasema yote. Miaka yote amekuwa nyuma, sauti ya pili, sauti ambayo hakuna anayeijua mpaka ikosekane. Safari hii Mwalimu alimpa mstari wa peke yake. Ule wa mwisho, wenye kesho. "Nilitaka wanisikie mara moja, baba watoto. Kwenye redio. Kabla ya habari." Siku ile ya Jumanne alikwenda mazoezini, akakuta Mwalimu kachukuliwa. Tangu hapo anajihesabu pumzi.

Na binti je?

Hapo akalia. Maana kabla ya Jumanne kila jioni alikuwa anamkanda mgongo. Na baada ya Jumanne vilevile, kwa barakoa, kwa sababu binti akikandwa ndipo kifua kinafunguka. Tangu jana hamkandi. Binti kauliza, mama mbona umenihama?

Nikamwuliza tena, mbona hakuna mwanakwaya hata mmoja aliyemtaja yeye? Akafuta machozi, karibu acheke. "Nani amtaje mke wa Bwana Koki? Wataoga mvua."

Sheria ninaijua, mimi ndiye ninayewasomea watu kila siku. Aliyekaa na mgonjwa anahamishiwa bweni la shule. Waliokaa naye nyumba moja wanapimwa. Mjamzito anapelekwa wodi ya pembeni, anaangaliwa huko, anajifungulia huko, hakuna ndugu kuingia. Ni sheria nzuri. Niliieleza kwa Mama Pacha kwa ufasaha mkubwa.

Binti anaogopa kitu kimoja tu duniani: kujifungua bila mkono wa mama yake. Kalisema tangu alipofika. Na mwenye pumu, homa hii haimpi nafasi ya kuogopa kitu cha pili.

Nimwambie Sista kesho. Kesho asubuhi.

Jumanne, 11 Juni

Sikumwambia.

Nilifika, nikafungua mdomo, Sista akanitangulia: Mwalimu kawekewa mashine ya kupumulia. Mwenye duka ana homa. Akaniuliza, sauti ya pili vipi? Nikasema bado natafuta. Natafuta! Nimelala naye ukuta mmoja.

Nikaenda kazini kama kawaida, kuwacheka watu kama kawaida. Yule wa unga kanisimamisha, sasa anasema homa haipo, imetungwa na wauza barakoa. Yule wa jogoo anadai jogoo kakohoa. Nilikuwa nawaangalia wananiongopea, nikawa nawaonea wivu. Wanaongopa vizuri, macho makavu. Mimi bado mwanafunzi.

Mtu wa tangini kanipungia mkono akiwa juu ya paa. Karibu nimwombe nafasi.

Nilipita dispensari tena jioni. Nilifika mpaka ngazini. Nikakuta Sista kasinzia, kichwa ukutani, viatu kavua. Nikajiambia, mwache apumzike, ni ubinadamu. Ona nilivyo na huruma!

Nyumbani mke wangu amehamia stoo yetu ndogo, kafungua dirisha lote. Ameweka kiti nje ya mlango wa binti, mbali, wanaongea kwa kupaza sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Anamwelekeza jinsi ya kujikanda na chupa ya maji moto. "Hapo chini. Hapo. Zungusha." Binti anasema, mama hii siyo. Mama anasema, najua siyo.

Joto la mke wangu liko kawaida. Binti anasema yuko sawa. Binti anasema hivyo hata akiwa hayuko sawa, kaipata kwangu.

Jumatano, 12 Juni

Naandika niko chooni. Mlango nimefunga kwa komeo. Daftari nilikuwa nalo mfukoni.

Sista yuko sebuleni kwangu.

Kabisha mwenyewe, bila kuniita. Nilipomwona getini, mguu ulianza kuelekea nyuma ya nyumba, naapa, ulianza wenyewe. Nikajikuta namtazama mjukuu wa jirani aliyekuwa anacheza hapo, nimwambie kamwambie sipo. Mimi! Baba amesema hayupo!

Kaingia, kaketi kiti cha mlangoni, kafungua dirisha yeye mwenyewe. Kasema Mama Pacha kapata homa jana, na homa imemlegeza ulimi. Kasema sauti ya pili ina mtu. Hakunitazama aliposema. Kisha akanitazama. "Kaka, siku zote umekuwa ukiwauliza watu. Leo nakuuliza wewe. Nani wa nyumba hii alikuwa kwenye stoo ya magodoro?"

Na mimi nikasikia mdomo wangu. Niliusikia kwa masikio haya. "Sisi tulikuwa nyum—"

Nikakata. Nikasema tumbo. Nikaja huku.

Nilitarajia nini chooni? Hata maji yamekatika. Leo, siku hii hii, bomba limekauka. Nani kafunga koki sijui, ila namcheka.

Nawasikia vizuri, ukuta ni mwembamba. Sista anamsalimia mke wangu. Mke wangu kajibu akiwa kwenye mlango wa stoo yetu. Sista kamwuliza ulikuwa wapi Jumamosi ile. Na binti, kutoka chumbani kwake, kadakia kwa sauti kubwa: "Mama alikuwa hapa! Alikuwa nyumbani tu!" Kumbe anajua. Tangu lini anajua? Na baada ya maneno hayo kile kifilimbi kikaanza kifuani mwake. Nakisikia mpaka huku. Kinapanda, kinashuka.

Natakiwa nitoke. Mkono uko kwenye komeo. Nikitoka, nitasema. Nikisema, gari linakuja, mtaa unatoka nje kutazama, binti yangu anaingizwa na watu waliovaa plastiki, mama yake anabaki barabarani. Nisiposema —

Ngoja.

Sista anaimba.

Anaimba polepole, sauti nzuri ile. Kaa mbali nami, ndugu. Kaa mbali leo. Nilimfundisha mimi. Nilijisifu nikimfundisha. Tuonane kesho — na kesho kaiachia. Ikaanguka kama sahani, kama nilivyomwambia.

Kimya.

Mke wangu hajawahi kuiacha bila kuirekebisha. Kengele ya mlango hajawahi kuiacha. Nyamaza, mama watoto. Au imba. Sijui naomba lipi.

Kifilimbi kimekatika.

Nasikia mtu anavuta pumzi, upande wa stoo yetu.